Mwenye presha ya macho awekewe lenzi gani?

Wiki chache baada ya kutolewa mtoto wa jicho, yaani lenzi ya asili iliyoingia ukungu, na kuwekewa ya bandia, baba yangu mdogo aliusoma ubao wa herufi mpaka mstari wa mwisho. Daktari akafurahi, nasi tukafurahi. Jioni ileile hakukiona kidaraja cha baraza lake mwenyewe, saruji juu ya saruji, akaangukia goti. Ana presha ya macho, yaani glakoma, kwa miaka mingi. Tangu siku hiyo siuamini sana ule ubao, na ndiyo maana naingia kwenye ubishi ambao kwa kawaida ningewaachia madaktari: mtu mwenye glakoma awekewe lenzi bandia ya kuonea mbali na karibu kwa pamoja, au abaki na ile ya umbali mmoja, na miwani ya kusomea mfukoni?

Herufi za ubaoni ni nyeusi tii juu ya weupe. Maisha hayako hivyo. Maisha ni kanzu nyeupe mbele ya ukuta wa chokaa, ni shimo kwenye lami wakati wa magharibi. Glakoma huula mshipa wa fahamu wa jicho polepole, na uwezo wa kutofautisha vitu vinavyofanana rangi huanza kupungua wakati herufi bado zinasomeka vizuri. Mtoto wa jicho naye huongeza ukungu juu ya hapo. Kwa hiyo juu ya kumtoa hakuna anayebisha: ukungu unaondoka, na mara nyingi hata presha ya jicho hushuka kidogo. Ubishi ni juu ya kinachowekwa mahali pake.

Lenzi ya kwanza iliwekwa na Harold Ridley, London, Novemba 1949. Alikuwa ameona kwamba vipande vya plastiki ya vioo vya ndege za kivita vilivyoingia machoni mwa marubani havikuleta uchochezi, akaagiza lenzi ya plastiki ya namna hiyo. Kwa miongo mingi lenzi hizi zilionesha umbali mmoja tu. Kisha zikaja za multifokali, yaani zile za kuonea mbali na karibu kwa pamoja. Nyingi zina pete nyembamba sana zinazoigawa nuru: katika ile iliyozoeleka ya umbali wa aina mbili, kama asilimia 41 ya nuru huenda kwenye picha ya mbali, 41 nyingine kwenye picha ya karibu, na 18 hivi hupotea bila kazi. Jicho zima hulimudu hilo. Ubongo huchagua picha unayoitaka na kuipuuza nyingine. Lakini jicho lililokwisha kupoteza nyuzi za mshipa ni kama mwenye deni anayekatwa mshahara. Halafu kuna ile miduara ya mwanga kuzunguka taa usiku, ambayo dereva anayepishana na malori barabara kuu haihitaji.

Wanaozitetea lenzi hizi, hata hivyo, wana hoja ambazo sioni haki kuzipita. Glakoma si hali moja. Kuna mtu ambaye presha yake iko juu lakini mshipa haujaguswa, na kuna ambaye ameathirika kidogo sana, vipimo vyake havijasogea kwa miaka; glakoma yake, wanasema, imetulia. Kuwafunga wote kwa amri moja ni uvivu. Fundi cherehani anayetunga uzi siku nzima huku akiangalia mlangoni wateja, kila anapovua na kuvaa miwani anapoteza kitu. Na miwani yenyewe si salama kama tunavyodhani: ile ya sehemu mbili, juu mbali na chini karibu, huwafanya wazee waione ngazi kwa ukungu wanaposhuka, na huchangia kuanguka. Hoja hii ilinigusa, kwa sababu zinazoeleweka.

Pia kuna lenzi mpya zaidi ambazo hazigawi nuru vipandevipande bali hurefusha eneo la kuona vizuri. Marekani iliidhinisha moja ya aina hiyo mwaka 2016, na nyingine isiyo na pete mwaka 2020. Zinaleta miduara michache. Ila hata hiyo ya 2020 ilitoka na onyo kwamba utofautishaji hupungua ukilinganisha na lenzi ya kawaida ya umbali mmoja, na kwamba mtu awe mwangalifu akiendesha usiku.

Kinachonifanya niegemee upande wa tahadhari ni muda. Lenzi haiendelei; glakoma inaendelea. Unayemwekea ana miaka 60, na lenzi hiyo atakuwa nayo akiwa na 80, mshipa ukiwa haujulikani umebaki kiasi gani. Kuitoa baadaye si kama kubadili fremu ya miwani: imekwisha kushikwa na utando wake, na jicho lililowahi kupasuliwa kwa presha halipendi kufunguliwa tena. Zaidi ya hapo, lenzi ya multifokali huweza kushusha matokeo ya kipimo cha uwanda wa kuona kwa kama desibeli 2, kizio cha jinsi jicho linavyohisi mwanga hafifu. Daktari akiona kushuka huko asipokuwa na kipimo kipya cha kuanzia, atajuaje kama ni lenzi au ni ugonjwa?

Na hilo neno "imetulia" linahitaji kuulizwa kwetu hasa. Uchunguzi wa Kongwa, Dodoma, uliochapishwa mwaka 2000, ulikuta glakoma kwa zaidi ya asilimia 4 ya watu wa miaka 40 na kuendelea, wengi wao ile aina isiyouma. Jaribio lililofanyika hospitali ya KCMC, Moshi, na kuchapishwa 2021, lilikuta kwamba baada ya mwaka mmoja matibabu yalifanikiwa kwa asilimia 31 tu ya macho yaliyopewa timolol, matone ya kushusha presha ya jicho, dhidi ya 61 ya yaliyopigwa leza. Glakoma iliyotulia kwenye karatasi ya kliniki huenda imetulia kwa sababu mgonjwa alikumbuka matone wiki ile ya kuonwa.

Kwa hiyo mimi nasema: mshipa ukishaathirika, lenzi ya pete hapana. Presha ya juu bila madhara, vipimo safi vya miaka kadhaa na matone yanayotumika kweli, hapo mazungumzo yawepo, na yaanzie kwenye lenzi za kurefusha, si za kugawa. Wapo pia wanaoweka lenzi ya kawaida macho yote mawili, jicho moja likilengwa mbali na lingine karibu kidogo. Ni njia ya bei nafuu na haigawi nuru, ingawa haimfai mwenye jicho moja lililoharibika sana, kwani inategemea yote mawili yasaidiane.

Baba mdogo, nilisahau kusema, aliwekewa ile ya kawaida ya umbali mmoja. Nuru yote ilikuwa yake na bado kidaraja kilimpita. Tumekipaka rangi ya njano ukingoni, na sasa anakishuka bila kushika ukuta.