Msiwanyang'anye Muda wa Mazoezi

Kipindi changu cha kwanza cha uchoraji sekondari, mwalimu alilaza kiti kwa ubavu juu ya meza, akasema: "Chora." Tukachora. Nilikuwa mtoto wa kusifiwa michoro tangu shule ya msingi, kwa hiyo nilimaliza mapema, nikakaa kungoja sifa. Mwalimu akapita nyuma yangu, akasimama, akaniuliza swali moja tu: "Kutoka hapo ulipokaa, unaona miguu mingapi?"

Nikaangalia. Mitatu. Mguu wa nne ulikuwa umejificha nyuma ya ubao wa kukalia. Kwenye karatasi yangu nilikuwa nimechora minne, kwa sababu nilijua tangu utotoni kwamba kiti kina miguu minne. Sikuwa nimekiangalia kile kiti hata kidogo.

Akaniambia niachane na kiti chenyewe, nichore mianya iliyo kati ya mguu na mguu, zile pembetatu za hewa. Nilifuta mpaka karatasi ikaanza kuchanika. Vilipita vipindi vitatu kabla ya kiti kutokea pale karatasini, nacho kilitokea chenyewe, katikati ya mianya. Mpaka leo nakumbuka mahali kivuli cha mguu wa kulia kilipokatikia.

Naanza na kiti kile kwa sababu kila nikisikia watu wakibishana kuhusu masomo ya sanaa sekondari, naona wanabishania kitu ambacho hawajawahi kukiona kikifanyika. Wanachokiwaza ni kelele, rangi, watoto wanarukaruka, watoto wanapumzika kidogo kabla ya kurudi kwenye masomo yenyewe. Wanachora miguu minne.

Katika shule moja niliyofundisha uigizaji, wiki sita kabla ya mitihani vipindi vyangu vyote vilihamishiwa hesabu. Sikuulizwa. Ratiba mpya ilibandikwa ukutani Jumatatu asubuhi, na somo langu halikuwemo. Mchezo tuliokuwa tumeufikisha nusu ukafia hapo. Sina ugomvi na hesabu, na nawapenda walimu wake. Kilichoniuma ni ule wepesi: hakuna aliyeona kwamba kuna kitu kimeondolewa.

Na sisi watetezi wa sanaa tumechangia, niseme ukweli. Tukibanwa, hukimbilia kujitetea kwa alama za masomo ya wengine: muziki unaongeza akili ya hesabu, uigizaji unapandisha lugha, uchoraji unasaidia jiometri. Hoja maarufu kuliko zote katika kundi hilo ilianzia California mwaka 1993, kwa utafiti mdogo uliochapishwa katika jarida la sayansi la Nature. Wanafunzi 36 wa chuo kikuu walisikilizishwa sonata ya piano ya mtunzi Mozart kwa dakika 10, kisha wakapewa mafumbo ya kukunja na kukata karatasi kichwani. Walifanya vizuri zaidi kidogo, na faida hiyo ilitoweka baada ya kama robo saa. Ndiyo yote. Hawakuwa watoto, na hakuna aliyejifunza muziki; walisikiliza tu. Lakini habari ilikua njiani. Mwaka 1998 gavana wa jimbo la Georgia, Marekani, Zell Miller, aliomba dola 105,000 katika bajeti ili kila mtoto anayezaliwa jimboni apewe muziki wa namna hiyo wa kusikiliza nyumbani. Watafiti wengine waliporudia jaribio lile, ama hawakuona kitu, ama waliona kidogo sana.

Anayetetea muziki kwa kusema unaongeza alama za hesabu ameshakubali kwamba hesabu ndiyo mwenye nyumba na muziki ni mpangaji. Siku kodi ikichelewa, vyombo vinatolewa nje. Na kodi ya namna hiyo itachelewa tu, kwa sababu muziki haukuzaliwa kuilipa.

Utafiti ninaoupa uzito ni ule wa watafiti Daniel Bowen na Brian Kisida, uliotoka mwaka 2019. Ulifanyika katika shule 42 za Houston, Texas, zenye wanafunzi zaidi ya 10,000, na shule za kuongezewa programu za sanaa zilipatikana kwa bahati nasibu, si kwa kujuana wala kwa uwezo wa wazazi. Walikuwa watoto wa darasa la 3 hadi la 8, kwa hiyo hautuambii yote kuhusu sekondari. Lakini tazama walichokiona: makosa ya nidhamu yalipungua, alama za uandishi zilipanda, na huruma kwa wengine iliongezeka. Kwangu hilo la huruma ndilo zito. Ukimpa kijana wa miaka 13 kazi ya kusimama mahali pa mtu mwingine, aseme maneno yake, atembee mwendo wake, akasirike hasira zake, kuna kitu kinasogea ndani yake. Na hakisogei siku ya onyesho. Kinasogea wakati wa mazoezi.

Mazoezi ndiyo hoja yangu yote.

Fikiria siku ya kawaida ya mwanafunzi. Anapewa swali, analijibu, linasahihishwa kwa wino mwekundu, wanasonga mbele. Kosa linabaki ndani ya daftari, amelifunga, na anaona aibu nalo peke yake. Sasa mfuate mpaka kwenye kwaya. Watu wa sauti ya tenor wanaingia kabla ya pigo lao, wimbo mzima unayumba. Mwongozaji anasimamisha. "Tenor peke yenu." Wanaimba. Bado. "Semeni solfa kwanza, polepole." Wanasema. "Sasa na besi." Mara ya tano wanaingia mahali pake, na wenzao wa soprano, waliokuwa wamekaa kimya wakisikiliza kosa lile lote, wanapiga makofi. Kosa limetokea hadharani, limeshughulikiwa hadharani, na hakuna aliyedhalilika. Shuleni ni wapi pengine anapopata hilo? Labda uwanjani, kwenye mpira. Darasani ni nadra sana.

Kurudia kwa namna hiyo hakufanani na kukariri. Anayekariri anarudia kitu kilekile ili kisibadilike. Kwenye mazoezi unarudia ili kibadilike, na kila mara lazima useme nini kimebadilika. Nimewaona vijana waliokuwa hawawezi kuambiwa neno bila kununa, wakafika mahali pa kusema wenyewe, "Hapa nimekimbia, naomba turudie."

Ndiyo maana nalia na ratiba. Kipindi kimoja cha dakika 40 hakitoshi somo la jukwaani. Dakika tano za kusogeza madawati, kumi za kupasha mwili na sauti, tano za kurudisha madawati. Zinabaki 20, na katika hizo 20 onyesho moja linarudiwa mara tatu ukiwa na bahati. Vipindi viwili vilivyoungana mara moja kwa wiki vina faida kuliko viwili vilivyotawanywa. Hili halihitaji bajeti. Linahitaji mtu anayepanga ratiba awe amewahi kuketi kwenye mazoezi hata siku moja.

Upimaji nao una kasoro yake. Nimeona mtihani wa maandishi unaomtaka mwanafunzi ataje sifa tano za mwigizaji bora, na aliyepata alama zote hajawahi kufungua mdomo jukwaani. Katika Diploma ya IB (International Baccalaureate), mtaala wa kimataifa wa sekondari ya juu unaosomwa katika nchi nyingi, mwanafunzi wa sanaa za kuona hupimwa kwa kazi zake na pia kwa namna alivyozifikia: michoro ya majaribio, alichokitupa, alichokigeuza. Hapo wamepatia. Na bado diploma hiyohiyo imepanga masomo katika makundi sita, na kundi la sanaa ndilo mwanafunzi anaruhusiwa kuliacha, achukue somo jingine la sayansi, lugha au jamii badala yake. Uingereza nako, kipimo cha shule za sekondari kilichoanzishwa mwaka 2010 na kuitwa English Baccalaureate kilihesabu Kiingereza, hesabu, sayansi, lugha, na historia au jiografia. Sanaa haikupigwa marufuku. Iliachwa nje ya orodha tu, na mkuu wa shule yeyote anajua pa kupeleka walimu na saa zake pale orodha inapotoka.

Mtu akitaka kunifariji, hunitajia nyota. Atasema tazama BRIT School kule Croydon, London, shule ya sanaa isiyolipisha ada iliyofunguliwa mwaka 1991. Mwimbaji Adele alisoma pale. Ni kweli, alimaliza mwaka 2006. Lakini shule ile hufundisha pia ufundi wa jukwaa, yaani taa, sauti na usimamizi wa onyesho, na wasomao hayo hakuna anayewataja. Mimi nawataja, kwa sababu mwanafunzi bora niliyewahi kumfundisha hakuwahi kuigiza.

Alikuwa binti mkimya wa kidato cha pili. Alikataa kila nafasi niliyompa. Nikampa daftari: kwenye ukurasa wa kulia maneno ya mchezo, wa kushoto mambo ya kufanyika, nani anaingia mlango upi, taa ipi inazima katika neno lipi. Baada ya wiki mbili alikuwa amelijaza kwa penseli, na pembeni ameweka alama ndogo kila mahali waigizaji walipokuwa wakikosea mara kwa mara. Usiku wa onyesho mwigizaji mkuu aliruka ukurasa mzima. Mimi nilikuwa nimeganda. Yeye akafungua ukurasa unaofuata, akamnong'oneza mtu wa taa, "Ruka mpaka ya 14," na watazamaji hawakujua kitu. Alikuwa na miaka 15.

Kwa wanaoogopa kwamba saa za sanaa ni saa zilizoibwa kutoka kwa sayansi, naomba waitazame Singapuri. Katika PISA, upimaji wa kimataifa wa wanafunzi, wa 2022 vijana wake wa miaka 15 waliongoza dunia kwa hesabu, na katika jaribio la fikra bunifu la mwaka huohuo waliongoza pia, kwa wastani wa alama 41 kati ya 60. Nchi hiyohiyo ilifungua mwaka 2008 shule ya sanaa ya miaka sita kwa wanafunzi wa sekondari. Sidai kwamba sanaa ndiyo iliyowapa hesabu. Nimeshaikataa hoja hiyo hapo juu. Ninachosema ni kwamba nchi inayojali alama kwa kiwango kile haikuona sababu ya kuchagua moja na kuua nyingine.

Na shule ambayo haina piano wala chumba cha uchoraji? Ina sakafu, ina sauti za watoto, ina kiti cha kulaza mezani. Kikubwa kinachokosekana mara nyingi ni mwalimu aliyesomea kazi hiyo, na hapo lawama ni ya wanaoajiri, si ya somo.

Mzazi mmoja alinifuata ofisini, mtu mzima wa heshima, akaniuliza bila ukali: "Mwalimu, huyu mwanangu sanaa itamfikisha wapi?" Nilikuwa na majibu mengi nikayaacha. Nikamwomba aje Alhamisi jioni akae nyuma ya ukumbi. Alikuja. Binti yake alikuwa na sentensi moja tu katika onyesho lile, ya kumwambia kaka yake aondoke nyumbani. Aliisema. Tukasimama, tukajadiliana, akaisema tena, safari hii amempa mgongo. Mara ya saba mzee akashindwa kuvumilia, akaita kutoka nyuma: "Mbona mmeisema vizuri tu, mnarudia nini?"

Binti akageuka. "Bado, baba," akasema. "Nilikuwa namwangalia aondoke. Inabidi nisimwangalie."

Mzee akakaa. Aliondoka pamoja nasi, saa moja usiku, akatusaidia kurudisha madawati.