Kabla hujamlaumu muuza spea, angalia mguu wako wa kushoto

Hii ya kila klachi ikiisha mapema lawama zote kwa muuza spea mi naikataa. Feki zipo, halina ubishi, ila klachi ikitumika vizuri inavuka kilomita 100,000 na bado ipo, afu kuna mtu kawekewa pleti ya klachi orijino kabisa na hata 30,000 hafiki yuko tena kwa fundi. Hapo feki ni nini sasa?

Ukiwa kwenye foleni ya Tazara, Dar, jioni cheki madereva wanavyoendesha. Gia namba moja iko ndani, klachi nusu imekanyagwa nusu imeachiwa, gari inasogea mita mbili inasimama, inasogea tena, na mguu haujabanduka kwenye pedali robo saa nzima. Hapo pleti haijashika na haijaachia, inasuguana tu na flaiwili, lile gurudumu zito la chuma nyuma ya injini, joto linapanda, ndo ile harufu ya kuungua unaisikia unafunga kioo ukidhani inatoka kwenye lori la mbele. Na wale wa kuegemeza mguu kidogo tu huku gari inakimbia, beringi ya klachi, ile inayosukuma klachi iachie ukikanyaga pedali, inabeba mzigo muda wote, siku ikianza kulia wanashangaa.

Walimu wa udereva nao wamechangia bwana. Mwanafunzi anafundishwa kubalansi mlimani kwa klachi, akiweza gari isirudi nyuma basi anaonekana dereva. Kwa kuondokea sawa, sekunde mbili tatu hakuna neno, ila watu wameigeuza breki, yaani mtu amening'inia kilimani anapiga stori! Handibreki iliwekwa ya nini? Vuta, weka fri, toa mguu, ukitaka kuondoka ingiza gia na klachi ikianza kushika ndo uachie. Panda mlima Kitonga kule Iringa na mzigo nyuma ya malori huku unabalansi kila yakisimama, utanuka mpaka juu.

Kujua kama imeanza kuchoka ni rahisi, uko kilimani gia ya 4 unakanyaga mafuta, injini inalia mshale wa rpm unapanda lakini spidi iko palepale, hiyo inateleza. Ila kuna wakati dereva hana kosa kweli, sili ya nyuma ya krenki (mpira unaozuia oili isitoke kwenye shafti kuu ya injini) ikivuja, oili inalowesha pleti, na ukibadilisha pleti ukaiacha sili hela umeitupa.

Afu kuna hawa mafundi wa "tuweke pleti peke yake bosi, tupunguze gharama". Gharama gani wakati gia boksi ishashushwa na ufundi unalipa uleule? Weka na presha pleti, ile inayoibana pleti kwenye flaiwili, na beringi hapohapo, na flaiwili uione kwa macho yako, kama ribiti (vile vipini vya chuma) za pleti ya zamani zimeichora ikachongwe, la sivyo hata klachi ikiwa mpya yote gari itakuwa inatetemeka kila ukiondoka.