Nyumba Haina Deni na Barabara

Tangazo la nyumba ya kupanga hapa Guangzhou, China, linakupa mambo matatu kabla ya mengine: ukubwa kwa mita za mraba, ghorofa ya ngapi, na inatazama wapi. Kusini. Kusini-mashariki. Ikiwa na madirisha kusini na kaskazini, upepo ukapita katikati, hapo bei inapanda na hakuna wa kubisha. Inayotazama magharibi ina neno lake, xishai, lile jua la jioni linalochoma, na dalali hulitaja haraka haraka akijua utaomba punguzo.

Sasa mpigie dalali wa Goba, Dar es Salaam. Ina geti, ina master, ina paking, maji hayakatiki (hapo anadanganya, tuendelee). Muulize inatazama wapi. "Inatazama barabara, bosi."

Jibu hilo linaniudhi kuliko foleni ya Mwenge. Tunanunua kiwanja kwa jasho la miaka, tunachukua ramani ya mtu mwingine kwenye simu, tunaigeuzia geti, basi. Jua linazamia chumba kipi, atajua mwenye kulala humo.

Nawasikia. "Kaenda China juzi, leo anatufundisha kujenga." Na wa pili yake: "Feng shui, hayo mambo ya Wachina ya kupanga nyumba kwa pande na upepo, si ushirikina tu?" Ushirikina umo, sikatai. Lifti nyingi za huku zinaruka ghorofa ya 4, ya 14 na ya 24 kwa kuogopa nambari ya mauti. Hong Kong, mnara wa Benki ya China uliokamilika 1990 ulipotokea na kona zake kali, watu walisema ni visu vinavyowaelekea majirani, na mpaka leo wanaelezana kuwa kreni zilizo juu ya paa la HSBC, benki jirani, ni mizinga ya kujibu. Kuna wanaoishi kwa kuuza vioo vya pembe nane vya kufukuza mikosi. Lakini sisi tunaozindika nyumba pembe zote nne kabla ya kuhamia, halafu tunalala kwenye chumba kisichoingia hata pumzi ya upepo, tumcheke nani?

Ondoa vioo na mizinga, chini yake utakuta hesabu ya hali ya hewa. Kanuni kongwe inasema mgongo wa nyumba uwe kaskazini, uso kusini, mlima nyuma, maji mbele. Kaskazini mwa China upepo mkali wa majira ya baridi hutoka kaskazini, na jua la majira hayo hupita chini chini upande wa kusini. Mlima unakinga upepo, uso unaota jua. Serikali nayo haikuliacha jambo hili kwa waganga: katika jiji kama Beijing, nyumba mpya ya makazi inatakiwa ipate angalau saa 2 za jua siku ya Dahan, mnamo tarehe 20 Januari, kwa hiyo ghorofa haijengwi mpaka kivuli chake kipigiwe hesabu kitaangukia wapi.

Ndiyo maana sisemi mgeuze nyumba zitazame kusini kama Wachina. Hata wataalamu wao wanabishana kama pande zigeuzwe ukivuka ikweta. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini ya ikweta, na hesabu yake haifichiki. Mchana wa Juni jua liko upande wa kaskazini, nyuzi 60 juu ya upeo. Mchana wa Desemba liko kusini, nyuzi 73. Pande zote mbili liko juu, kwa hiyo paa linalizuia: kwa dirisha ambalo ukingo wake wa chini uko mita 1.8 chini ya ukingo wa paa, upenu wa mita 1 kaskazini na sentimita 60 kusini unatosha. Shughuli iko magharibi. Machi au Septemba, saa kumi jioni, jua limeshuka mpaka nyuzi 35 hivi. Kulizuia kwa paa peke yake unahitaji upenu wa mita 2 na nusu, na ikifika saa kumi na moja unakaribia mita 5. Hakuna anayepaua hivyo. Dawa ni kutoweka chumba cha kulala upande huo. Weka choo, stoo, ngazi, na ukuta wenye madirisha madogo.

Upepo nao tunaujua kwa majina tangu enzi za majahazi. Kusi huja kutoka kusini-mashariki, kaskazi kutoka kaskazini-mashariki. Zote mbili zinakuja upande wa mashariki, kinyume kabisa na jua la jioni. Mungu atupe nini tena? Kuta ndefu zitazame kaskazini na kusini, vyumba vya kulala viwe mashariki, kila chumba kiwe na madirisha kwenye kuta mbili. Nyumba imemaliza nusu ya kazi ya AC.

"Lakini barabara yangu iko magharibi." Na iwe. Kilichonivutia zaidi katika nyumba za kale za Beijing, zile za ua wa pande nne, ni lango. Ukumbi mkuu unakaa kaskazini ukitazama kusini, lango la kuingilia liko kona ya kusini-mashariki, na ukivuka lango unakutana na ukuta wa kukinga macho, unakata kona ndipo uuone ua. Geti lina mahali pake, uso wa nyumba una pake. Na msidhani hilo ni la Wachina peke yao. Nyumba za mawe za Lamu unaingilia dakani (kibaraza cha mlangoni), unapita tekani (ukumbi mdogo wa ndani), unakata kona, ndipo ufike kiwandani, yaani uani. Mpita njia haoni kitu. Wazee wetu walijua, halafu sisi tukaweka mlango wa sebule sambamba na geti ili bodaboda aone tunaangalia mpira gani.

Pia kuna mahali Wachina wanapotukosea. Feng shui inakataza mlango wa mbele kunyooka na wa nyuma, eti neema inaingia na kutoka hapo hapo. Mtaalamu akipelekwa kwenye nyumba ya Kiswahili ya Kariakoo, vyumba vitatu huku, vitatu kule, korido ikinyooka mpaka uani, atashika kichwa. Korido ile ndiyo inayopoza nyumba. Beijing yenye baridi kali ina sababu ya kuogopa upepo wa moja kwa moja, Kariakoo haina.

Kuhusu choo nawaunga mkono. Wanakataza choo katikati ya nyumba, na sababu ni ya fundi bomba kabla ya kuwa ya mizimu: choo kisichogusa ukuta wa nje hakina dirisha, harufu inaishia koridoni, na bomba la maji machafu linapita chini ya sakafu ya vyumba kabla ya kufika kwenye chemba. Likiziba, unavunja marumaru. Angalia ramani zinazozunguka WhatsApp, choo cha wageni kiko wapi? Katikati, mlango ukitazama meza ya chakula.

Kupima pande usitegemee simu ukiwa karibu na geti la chuma, gari au rundo la nondo, sindano itakudanganya. Chomeka kijiti wima cha mita 1. Saa nne asubuhi weka alama kwenye ncha ya kivuli, kisha kwa kamba chora duara linalopita kwenye alama hiyo, kijiti kikiwa katikati. Alasiri, mara nyingi karibu na saa tisa kasorobo, ncha ya kivuli itagusa duara tena; weka alama ya pili hapo. Unganisha alama mbili: huo ndio mstari wa mashariki na magharibi. Vigingi vya msingi vifuate mstari huo, na fensi ibaki na mstari wake.

"Kiwanja chenyewe 20 kwa 20, nitageuza nini?" Kama huwezi kugeuza nyumba, geuza vyumba, kuhamisha mstari kwenye karatasi hakuna bei. Na kabla hamjanirushia maneno, hata Guangzhou kuna vijiji vilivyomezwa na mji ambako majengo yamebanana mpaka jirani wanaweza kushikana mikono madirishani, na wapangaji wanawasha taa mchana. Sijasema huku ni peponi. Nimesema huku anayepanga chumba hicho anajua ananyimwa nini.

Kwetu tunalipia kunyimwa. Fensi ya mita 2 na nusu ikiwa mita 1 kutoka dirishani, dirisha hilo limebaki la mwanga tu; angalau mistari mitatu ya juu iwe tofali za matundu. Dirisha la slaidi la mita 1.5 likifunguliwa lote linakupa sentimita 75, toa nondo, toa nyavu, hesabu kilichobaki. Kisha ikaja hii mitindo ya kuficha paa. Upenu, kitu pekee kilichokuwa kinatusaidia, tumeukata ili nyumba ifanane na boksi, tukajenga parapeti, ule ukuta mfupi wa kuzunguka paa, na maji ya masika yanatuama nyuma yake.

Ukiling'ang'ania paa la kuficha, tokeza bamba la zege juu ya madirisha, mita 1 kaskazini na sentimita 60 kusini, lenye mfereji mdogo chini ya ukingo ili maji yasirudi ukutani. Mwambie fundi kabla hajamwaga linta, maana nondo za bamba lazima zishikane na za linta, na zile kuu zikae ndani ya zege upande wa juu. Wengi huziweka chini wakidhani ni sakafu ya ghorofa, na mbao zikitolewa bamba linapasuka pale linapotokea ukutani. Mbao zenyewe zisitolewe mpaka ukuta wa juu uwe umejengwa na kukomaa, maana uzito wake ndio unaolishikilia.