Visiwa vya Ugiriki "viko karibu karibu", karibu wapi?

Jamani kupanga fungate ya Ugiriki kumenichosha kabla hata harusi haijafika. Kila ukimuuliza mtu anakwambia zungukeni tu visiwa, viko karibu karibu. Karibu wapi? Santorini iko bahari ya Aegean, Corfu iko magharibi kabisa kule Ionian, hakuna feri ya moja kwa moja, inabidi mrudi bara kwanza ndo muanze upya. Na hiyo feri ya Piraeus, bandari ya Athens, mpaka Santorini, ya kasi ni kama masaa 5, ya kawaida inafika 8, yani siku nzima ya fungate imeishia melini na mabegi! Halafu mwezi wa 7 na wa 8 kuna upepo wa meltemi, ukichachamaa meli zinazuiwa kutoka bandarini, sasa mtu anakupangia urudi Athens asubuhi na ndege jioni ileile, kweli?

Sisi tumeshasema tunataka Meteora, zile nyumba za watawa juu ya majabali, tulale Nafplio, mji wa pwani huko bara, siku mbili, kisha kisiwa kimoja tu, Naxos, basi. Wakala bado anatutumia visiwa 5 kwa siku 9, tutapumzika saa ngapi?