Ratiba ya mazishi ilikuwa "picha"

Mbukwenyi! Leo nina hasira, mtanivumilia.

Jumanne nilifika msibani Ilazo, hapa Dodoma, saa tisa na nusu, nikijua nimewahi, maana mtaani kwetu watu huzikwa saa kumi. Nikakaribishwa na mlio wa sufuria. Akina mama wanasugua masufuria, kijana anabebanisha viti vya plastiki, spika imezimwa, kwaya hakuna. Sisi tusioona, msiba tunausoma kwa masikio, na ule haukuwa mlio wa watu wanaosubiri kuzika. Mama mmoja akanishika bega: "Pole baba, wameshakwenda makaburini tangu saa nane, wanakaribia kurudi. Kwani ratiba hukuiona? Ilitumwa kwenye grupu jana usiku."

Sikuiona, mama. Ndiyo hali yangu.

Nikasogea pembeni, nikafungua grupu la mtaa. Simu yangu ina TalkBack. Nikipitisha kidole inanisomea mtumaji, ujumbe, saa. Ilipofika kwenye ratiba ikasema "picha", ikanyamaza. Chini yake zikafuata pole thelathini na kitu, kila moja na mikono yake ya kuomba, na simu haikunisamehe hata mkono mmoja. Mikono ya mtaa mzima nilisomewa. Saa ya kuzika, hapana.

Aliyezikwa ndiye aliyekuwa akinipandisha daladala ya kwenda Jamatini kila asubuhi, miaka minne, bila kuombwa. Hakuwahi kunikokota kwa mkono kama mbuzi wa mnadani. Alikuwa ananipa kiwiko tu, nashika, tunakwenda. Nilitaka nitupie udongo wangu kidogo. Nilichokuwa nataka ni hicho tu.

Najua kuna mtu ameshaanza kuandika: "Si siku hizi kuna programu za kusoma picha?" Zipo, kaka, na ninazo. Be My Eyes imekuwepo tangu 2015, mwanzo ilikuwa watu wa kujitolea wanakuazima macho kwa video, sasa ina akili mnemba inayokueleza picha. Lakini nitajuaje ni picha ipi ya kuifungua? Grupu letu kwa siku moja linapokea waridi za "asubuhi njema", mtoto wa mtu anayecheka, ng'ombe aliyepotelea Nkuhungu na kiwanja kinachouzwa karibu na Mtumba. Kwa TalkBack vyote hivyo ni "picha". Nipakue moja moja kwa bando langu, niipeleke kwenye programu nyingine, nisubiri, halafu niambiwe ni ua jekundu lenye matone ya umande? Na ile ratiba yenyewe, nilipoifungua usiku, ilikuwa karatasi ya daftari iliyoandikwa kwa kalamu na kupigwa picha ikiwa imelala upande. Programu ikapatia jina la marehemu, ikakosea saa.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba picha ina kazi yake. Watanzania tunaamini mhuri. Tangazo la mgao wa maji ukiliandika kwa maneno matupu, wa kwanza kukujibu atauliza umelitoa wapi. Lipige picha likiwa na nembo, saini na mhuri wa bluu, hakuna atakayebisha. Haya, tumeni mihuri yenu. Ila kabla ya kubonyeza tuma, WhatsApp inakuwekea nafasi chini ya picha hiyohiyo ya kuandika chochote. "Mazishi Jumanne saa 8 mchana. Ibada nyumbani saa 6." Maneno tisa, na tarakimu nimezihesabu. Watu thelathini mmeweza kuandika "apumzike kwa amani", kwa hiyo vidole mnavyo.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu tunayo tangu 2010, lakini hakuna sheria itakayokaa ndani ya grupu la mtaa ikimkumbusha admini. Wenye programu nao wana yao: kuna nyingine nikiifungua nasomewa "kitufe, kitufe, kitufe", kama konda aliyesahau majina ya vituo. Na nyie wa "2taonana", TalkBack inanisomea "mbili taonana". Endeleeni tu.

Sasa msinipigie makofi mapema. Mwezi uliopita nilitaka suruali mpya, nikapewa namba ya fundi mmoja wa Majengo anayesifiwa sana. Kwa kuwa kuandika kwa TalkBack kunachosha, nikamtumia voisi ya dakika tatu: kitambaa, mifuko, kiuno, urefu, hadi hadithi ya fundi wa zamani aliyeniharibia. Kimya. Kesho yake nikatuma nyingine, safari hii nikiwa na ukali kidogo. Akajibu kwa maandishi: "Kaka samahani, mimi ni kiziwi. Naomba uandike."

Nilikaa na ile simu mkononi muda mrefu. Mimi niliyejifunza nukta nundu shule ya wasioona Buigiri, mimi ninayewafokea nyie hapa.

Siku hizi natumia kibodi inayopokea Kiswahili cha kuongea: nasema, yenyewe inaandika, yeye anasoma. Ilimwandikia "urefu nchi arobaini". Akaniuliza kama nahitaji na pasipoti, kisha akashona inchi arobaini. Imenikaa vizuri.