Mshauri wa udahili na wale waliompa tageti

Vile vyuo vya Marekani vinavyoendeshwa kwa faida vikitajwa, wa kwanza kutupiwa mawe ni yule aliyepiga simu, mshauri wa udahili. Alijua anadanganya, akala mshahara akanyamaza, ndo wanavyosema. Na madhara yapo sibishi, 2010 wakaguzi wa GAO, ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani, walijifanya wanafunzi wakaenda vyuo 15 na kote 15 wakakuta maneno ya kupotosha, kwenye vinne wakashauriwa hadi wadanganye ili wapate hela ya serikali ya kusomea. Mtu aliyebaki na deni Corinthian, kampuni mojawapo ya vyuo hivyo, ilipofunga 2015 hana sababu ya kumhurumia aliyemsajili, namuelewa kabisa.

Ila hebu kaa kwenye kile kiti. Hedifoni kichwani, kwenye skrini namba ambazo watu waliziacha mtandaoni, na supavaiza anahesabu umepiga ngapi. Ushauri uko kwenye jina la cheo tu, kazi yenyewe ni mauzo. ITT, kampuni nyingine ya vyuo hivyo, walikuwa na karatasi ya maswali waliyoiita faneli ya maumivu, unamuuliza mtu shida yake, imeanza lini, kajaribu nini, inamuuma vipi, kashakata tamaa au bado, unachimba hadi kidonda kiwe wazi ndo unaleta chuo kama dawa. Karatasi ile hakuitunga dada wa kwenye simu, yeye kaikuta mezani siku ya kwanza ya kazi, na ndiye anayemsikia mama wa watu akilia upande wa pili.

Halafu kuna hesabu moja hainitoki kichwani. Ripoti ya Seneti ya 2012, ya kamati ya seneta Tom Harkin, ilichunguza kampuni 30 ikakuta wasajili 35,202, na wa kuwasaidia wanafunzi kupata kazi 3,512. Kumi kwa mmoja! Yani watu kumi wanakuvuta mlangoni kwa ahadi ya kazi, na wa kukusaidia uipate ni mmoja. Nikiirudia naona ileile, mgawanyo huo haupangwi na mpiga simu, unapangwa na wenye bajeti, na hata ukiwafukuza wote 35,202 leo ukaajiri walokole watupu, wiki ya pili nao watakuwa wanasoma karatasi ileile, maana anayemwambia mteja nenda chuo cha umma hapo jirani ni nafuu, tageti yake haifiki.

Serikali nayo, sheria ya 1992 ilikataza kuwalipa wasajili kwa idadi ya vichwa walivyosajili, 2002 wizara ya elimu ikafungua mianya 12, ikaja kuiziba 2011. Miaka tisa.

Wapo washauri waliofurahia kabisa na pesa wakala, hao siwatetei. Lakini kesi dhidi ya University of Phoenix, nacho chuo cha faida, kuhusu malipo hayohayo ya kwa vichwa ilifunguliwa na washauri wawili wa zamani wa chuo hichohicho, wakapambana miaka hadi 2009 kampuni ikakubali kulipa dola milioni 78.5, bila kukiri kosa.