Kobalti ya Kolwezi: haki inapotelea kwenye mizani

Kila inapotajwa kobalti ya Kongo, madini ya kutengenezea betri, picha inayoletwa ni ya mtoto aliyebeba gunia. Picha hiyo ni ya kweli, na inauma. Lakini kampuni za betri na magari zimeshajifunza kuijibu kwa uzio na makaratasi: geti la mgodi, vitambulisho, sahihi kwamba hapa hakuna mtoto. Mimi nataka waulizwe na hili: gunia lilipimwaje depo?

Depo ni kibanda cha turubai ambako mchimbaji mdogo huuza mawe yake, chenye mizani, ubao wa bei na kile kipimo cha mkononi ambacho wengi Kolwezi, mji wa migodi kusini mwa Kongo, hukiita Metorex. Bei ya ubaoni hupanda kufuata asilimia ya kobalti. Mnunuzi anagusisha kipimo kwenye mawe, kinarusha miale ya eksirei, namba inatokea, basi. Mchimbaji hana kipimo chake cha kulinganisha.

Tupige hesabu. Gunia la kilo 50 lenye unyevu wa asilimia 10 lina kilo 45 za mawe makavu. Yakiwa na kobalti asilimia 3, hiyo ni kilo 1.35. Kipimo kikisoma 2, zinabaki gramu 900. Theluthi ya jasho imeyeyuka, na kwa kuwa bei ya kila kilo nayo hushuka pamoja na asilimia, hasara haiishii hapo.

Kosa hilo halihitaji hata nia mbaya. Miale husoma ngozi ya jiwe tu, haifiki ndani. Mawe yakiwa mabichi, maji hushusha namba. Kisha mnunuzi anakata tena kilo za unyevu kwenye uzito. Mchimbaji amekatwa maji yale yale mara mbili! Msimu wa mvua huko Lualaba, mkoa wa Kolwezi, huchukua karibu nusu ya mwaka.

Njia sahihi haina siri. Mwaga gunia kwenye turubai, ponda, changanya, gawa mafungu manne, chukua mawili yanayotazamana, rudia mpaka ibaki sampuli ya kiganjani. Pima uzito wake, ikaushe, pima tena: tofauti ndiyo unyevu. Saga, chekecha, soma mara tatu, toa wastani. Kila asubuhi kipimo kijaribiwe kwa sampuli ambayo asilimia yake inajulikana, na anayekishika asiwe mtu wa mnunuzi.

Naliita hili suala la haki za binadamu kwa sababu bei inafika hadi chini shimoni. Sheria ya Kongo inawazuia wachimbaji wadogo kupita kina cha mita 30. Mwenye kupunjwa juu atafuata mshipa chini zaidi, bila kununua miti ya kuegemeza kuta, na ada ya shule ikikosekana mtoto huishia kuosha mawe mtoni.

Mradi wa Mutoshi, mgodi wa wachimbaji wadogo uliokuwa na usimamizi hapo Kolwezi na uliofungwa mwaka 2020, ulikuwa na mengi mazuri: mashine ziliondoa udongo wa juu ili mashimo yasiwe marefu, kofia ngumu zilikuwepo, watoto hawakupita getini. Lakini mnunuzi alikuwa mmoja. Kwangu hilo lilikuwa pengo kubwa, maana penye mnunuzi mmoja mchimbaji hana pa kupeleka gunia lake akiona amepunjwa.

Kanuni ya betri ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2023 inataka kampuni zichunguze kobalti, lithiamu, nikeli na grafiti asilia zinakotoka, ila wajibu huo umesogezwa hadi Agosti 2027. Muda huo utumike kudai daftari la depo, gunia kwa gunia: uzito, unyevu, asilimia, kama ilisomwa mbichi au kavu, na pesa aliyotoka nayo mchimbaji mkononi. Nakala moja abaki nayo yeye, imeandikwa kwa Kiswahili, lugha anayobishania bei kila siku.